Betri Mkiani

Zamani mtu aliyejiundia ndege aliipima uzito upya akihamisha hata msumari, siku hizi anatazama video kwenye simu kisha anaruka.

Mdogo wangu, seremala wa makabati, aliiunda yake sebuleni kwa miaka, mpaka bawa likatokeza dirishani. Mkewe alipolalamika kwamba betri inamkwaruza magoti, aliihamishia mkiani.

“Umeipima tena?” nikamuuliza. “Mkia ukizidi uzito, pua inapanda, mbawa zinaishiwa nguvu ya kuibeba. Ikianza kuanguka hivyo ikizunguka, huwezi kuinusuru.”

“Kaka, wewe na mizani mtaoana lini?”

Mkewe akaangua kicheko. “Shemeji, wewe hata ngazi unaiogopa!”

Niliwasihi wanisubiri nikaazime mizani kwa muuza vyuma chakavu. Niliporudi nikisukuma toroli, walikwisha kupaa. Walipita juu ya uwanja polepole ili majirani wawaone, mdogo wangu akakata kona, pua ikapanda, bawa moja likazama. Nilipiga kelele ashushe pua, kana kwamba angenisikia. Walishuka wakizunguka, injini ikinguruma vizuri kabisa, wakapotelea nyuma ya paa la karakana. Sikuwaona tena.