Gari Lililoitwa kwa Jina la Marehemu

Kando ya barabara ya Karavia nilisimama na jirani yangu, mjane aliyeogopa magari ya kuitwa kwa simu. Teksi zilikosekana, na misa ya kuondoa matanga ya mumewe ilikaribia kuanza, basi akaita gari kwa simu ya marehemu.

Dereva alifika, akashusha kioo, akalitaja jina la marehemu. "Papa iko wapi, mama? Ni yeye ananiita."

"Tulimuzika, mutoto wangu."

Dereva akatazama simu yake, kisha kiti cha nyuma. "Hapa inaonyesha alisha kupanda."

Mama alifanya ishara ya msalaba, akaingia, akaketi ukingoni akiacha nafasi.

Ndugu zangu, Bwana peke yake ndiye awaitaye wafu kwa majina, na mashine iliyojitwalia kazi hiyo yastahili kukemewa. Lakini mlango ule niliufunga taratibu, nikichelea kubana nguo ya mtu.