Madume Watano Ndani ya Sanduku Langu

Asubuhi ile haijanitoka kichwani, mwanangu Lusungu, na kwa umri huu mengi yameshanitoka. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la bibi yangu, baridi ya Juni imeniingia hadi mifupani, nimeshika simbilisi, kijinyama kidogo kuliko sungura, ambaye hapumui. Alikuwa bado na joto kidogo tumboni. Ndani, bibi alikuwa anapuliza moto na kuniita nikanywe uji.

Nakwambia haya kwa sababu ya simu yako ya jana. Umenunua simbilisi wanne hapo Makambako, madume watupu, bado wadogo, ukasema, "Baba mkubwa, wewe ni fundi, nitengenezee sanduku moja liwatoshe wote." Nikakujibu kwa mkato, nikakata simu. Usidhani nilikasirika. Hilo neno la sanduku moja lilinigusa pabaya, na mzee akilia kwenye simu anamtia mtoto wasiwasi bure.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, najiona msomi kwelikweli. Bibi, mzaa baba, aliishi peke yake kijijini, upande wa Kidugala. Babu alishatangulia, watoto wake wametawanyika, kila mtu na kwake. Likizo nilikuwa napelekwa kwake ili asikae peke yake, ingawa mimi nilidhani napelekwa kupasua kuni.

Simbilisi wake waliishi jikoni, kama ilivyokuwa kwa kila mtu huku kwetu. Walizaliwa humo wakakulia humo. Huyu analala nyuma ya kuni, wale chini ya benchi, wengine karibu na mafiga penye joto. Bibi akikata majani tu huko nje, wote wanapiga miluzi. Na akiingia nayo hakuyaweka mahali pamoja. Aliyatupa huku na huku, kidogo kila kona, nami nikaona ni uzembe wa kizee.

Sasa, likizo ile nilikuwa nimemwalika rafiki yangu wa shule, mtoto wa mjini, nikaona aibu. Darasani tulifundishwa kwamba mnyama halali penye chakula cha watu, na hilo silipingi hata leo. Nililokosea ni namna nilivyofanya. Jumapili bibi alipokwenda kanisani, mimi nilisingizia tumbo, nikakusanya mabanzi, yale mabaki ya mbao za misindano, nikagonga sanduku. Lilikuwa zuri, acha nijisifu kidogo, kona zake zimekaa sawa. Lakini urefu wake haukuzidi mkono wangu. Nikaweka sahani moja ya bati katikati, na kijumba kimoja cha kulalia chenye tundu moja. Humo nikatia madume vijana watano. Majike nikawatengea sanduku la pili ubavuni, katikati pana wavu tu. Nikafagia jiko, nikakaa nje kungoja sifa.

Bibi alirudi, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Umewatoa wote?"

"Wote, bibi. Sasa jiko lina heshima."

Aliingia, akakoka moto.

Siku mbili walitulia kwa uoga. Siku ya tatu nikasikia meno yanagongana. Nikachungulia, nikaona mmoja manyoya yamemsimama mgongoni, anamzunguka mwenzake kwa miguu iliyokakamaa. Nikadhani wanacheza. Jioni nikakuta aliyekuwa mpole kuliko wote ana damu. Bibi alimwita Mchungaji kwa sababu ya utepe mweupe shingoni, kama kola ya mchungaji wetu, na alikuwa akimlia mkononi. Sikio lilikuwa limechanika, na mgongoni kuna jeraha la meno.

Hapo ndipo ningemwita bibi. Sikumwita. Rafiki yangu alikuwa anakuja kesho yake, na mimi sikutaka kuambiwa kwamba sanduku langu limeshindwa. Nikamfuta Mchungaji kwa kitambaa, nikamrudisha mlemle, nikafunga mlango. Aliniangalia, mwanangu. Watu husema mnyama haangalii mtu namna hiyo, lakini mimi najua alivyoniangalia.

Kulipokucha alikuwa amekufa, nami nimemshika nyuma ya jiko.

Bibi alitoka mwenyewe kunitafuta. Nilitegemea bakora, na ningeipokea kwa furaha. Yeye alimchukua Mchungaji kutoka mkononi mwangu, akamfunika kwa pindo la kitenge, akakaa kwenye kigoda.

"Tangu Jumapili nakaa humo jikoni nikikohoa, hakuna anayeshtuka," alisema. "Nikimenya viazi, hakuna anayenipigia mluzi. Wewe ulidhani nafuga kitoweo tu?"

Akalivuta pindo la kitenge, akamfunika vizuri zaidi.

"Wewe unarudi shule wiki ijayo. Mimi nabaki na nani?"



Tulimzika Mchungaji chini ya mgomba. Rafiki yangu akafika saa nne, akanikuta na matope hadi viwikoni, na aibu niliyokuwa naikimbia nikaipata yote. Halafu bibi akanifundisha, mkono wake juu ya mkono wangu, hana haraka. Aliweka kigoda mbele ya lile sanduku, akawatazama wale wanne waliobaki hadi jua likageuka. Alikuwa anatafuta nani analala karibu na nani. Akaniambia nigonge masanduku mawili mapya, kila moja mara tatu ya lile langu, na ndani ya kila moja vijumba viwili vyenye tundu huku na tundu kule. "Anayefukuzwa lazima apate pa kutokea," alisema. "Wewe uliwapa pango lisilo na mlango wa nyuma." Majike tukawapeleka upande wa pili wa nyumba, madume wasiisikie harufu yao. Masanduku ya madume tukayaweka kwenye kibaraza, chini ya dirisha la jiko, ili akikohoa wamsikie.

Likizo iliyofuata nilifika jioni, nikasikia anaongea jikoni. Nikasimama nje na begi langu, kwa adabu, nikingoja wageni wamalize. Nikangoja sana. Nilipoingia nikamkuta yuko peke yake, anamenya viazi, dirisha liko wazi, anawasimulia simbilisi habari za msiba wa jirani. Alinyamaza aliponiona, akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Mwaka huo haukuisha tukamzika.

Basi, mwanangu, nisikilize vizuri. Simbilisi wako wakiwa wadogo watalala wamebebana utadhani ni mmoja, na wewe utasema mzee alinitisha bure. Ngoja wafike miezi mitatu, minne. Hapo kila mmoja anataka kuwa mkubwa. Akimzunguka mwenzake huku ananguruma na kutikisa kiuno, muache, ndivyo wanavyopangana. Meno yakigongana na manyoya yakisimama, kaa karibu. Ukiona damu, watenganishe saa hiyohiyo, tena kwa kipande cha gunia, si kwa mkono mtupu, watakung'ata hadi mfupa. Usimfute ukamrudisha. Hilo nimeshalifanya mimi, halihitaji kurudiwa na mtu mwingine wa ukoo wetu. Huyo uliyemtoa usimpeleke mbali akakaa kimya peke yake. Mweke ng'ambo ya wavu, awaone wenzake na awasikie, kwa maana upweke nao unamkondesha.

Chakula kitawanye, maji weka pande mbili, hata kama jirani atasema huna mpangilio. Wasikae karibu na jike, hata kwa harufu. Na siku ya kuwaingiza kwenye sanduku jipya, liwe jipya kwa wote, asiwepo wa kusema hapa ni kwangu. Waweke wawili wawili. Wanne madume kwenye chumba chako cha kupanga, mwanangu, hapana. Sanduku la kuwatosha wote kwa amani halitapita mlangoni.

Kwa hiyo nimetengeneza mawili. Nilianza jana baada ya kukata simu, na mabanzi hayajawahi kunishinda. Moja ni lako. La pili limeshakaa kwenye kibaraza changu hapa mtaani kwetu Ramadhani, chini ya dirisha la jiko. Tangu mama yako mkubwa alipofariki, jikoni humu nasikia birika tu. Nakohoa, hakuna anayeshtuka. Nilikuwa naona aibu kukwambia, lakini aibu ilishanigharimu Mchungaji, sitaki inigharimu na hili.

Watazame siku mbili tatu, ujue nani analala na nani. Wawili wapendanao baki nao. Wawili wengine niletee Jumamosi, na wewe mwenyewe usiwahi basi la jioni, lala hapa, Jumapili tutakwenda kanisani pamoja. Mungu wa bibi yangu akulinde njiani, akujalie nyumba yenye sauti ndani yake, na asikuache ukae mahali ambapo ukikohoa hakuna anayegeuka.