Paa Lililoishia kwa Mama

Gavana wa kaunti yetu nilimweka mimi. Wapo watakaosema ni wapiga kura, na siwezi kuwafunga midomo, lakini simu ilikuwa yangu na mama alikuwa wangu.

Tulisoma pamoja shule ya jioni hapa London kusini, mimi nikitoka kuendesha basi, yeye akitoka kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Siku ya kwanza mwalimu alituambia tujitambulishe, tukagundua tunatoka wadi moja, na kwamba sare yake ya kwanza ya shule ilinunuliwa katika soko lile lile ambalo mama yangu anauza nyanya. Tangu hapo kiti cha nyuma kikawa chetu. Mimi nilisinzia miaka mitatu mfululizo. Yeye, swali la mwalimu lilikuwa halijafika katikati, mkono wake uko juu.

"Dada, huo mkono utauinua bungeni," nilimwambia.

"Na wewe utakuwa bado umelala," akasema.

Yote mawili yalitimia. Alipata shahada yake akarudi nyumbani. Mimi nilipata cheti cha kuzungumza mbele ya watu, nikakitundika ukutani mahali ambapo mgeni hafiki chooni bila kukisoma.

Mara ya kwanza alishinda uwakilishi wa wadi kwa kura ambazo wenyewe wangeingia kwenye basi langu na viti vikabaki. Katika bunge la kaunti alipigania jambo moja hadi wenzake wakachoka kumsikia: soko la kwetu lipate paa. Likapata. Mara ya pili alishinda kwa kura ambazo mabasi yote ya London yasingezibeba. Kisha akatangaza kwamba anataka ugavana, na kabla kampeni hazijapamba moto akanipigia kwamba anakuja huku.

"Huku kufanya nini?" nikamuuliza. Sisi tulio nje tunaruhusiwa kumpigia kura rais tu, gavana hatumhusu.

"Kura hamna," akasema. "Lakini mna mama."

Hesabu yake ilikuwa hiyo. Kila mtu wa kwetu aliyeko London ana mama, shangazi au nyanya ambaye hamtilii shaka mtoto anayemlipia hospitali. Tungekaa ukumbini, kila mmoja apige simu nyumbani, amwombee kura. Kwa upande wangu uzito ulikuwa mkubwa zaidi, maana mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama wa soko, na wenzake wa masoko mengine yote humsikiliza kuliko wanavyosikiliza redio. Mgombea akikataliwa na soko la kwao, kaunti nzima itasikia.

Tulikodi ukumbi wa kanisa Thornton Heath. Watu walifika kama mia, ingawa nikisimulia huwa mia nne. Sambusa zilikuwa kubwa kama viatu vya polisi. Kwa sababu ya kile cheti, nilifanywa mshereheshaji, na kwa sababu ya kiburi cha kile cheti, niliamua kuanza na mama yangu mwenyewe. Nikaweka simu kwenye spika, nikaisogeza karibu na maikrofoni. Kumwambia mama, nikasahau.

"Mama, uko salama?"

"Niko. Umekula?"

"Nimekula. Mama, mheshimiwa wetu anagombea ugavana. Unamwonaje?"

"Huyo? Nimwoneje na jua limenipofusha? Paa lake limefunika meza zote, likafika kwangu likachoka. Nusu ya meza iko kivulini, nusu juani. Kivulini nimeweka nyanya, juani nimekaa mimi. Mwaka wa sita huu. Nimekauka kama omena, siku moja mteja atauliza kilo yangu ni pesa ngapi."

Ukumbi uliangua kicheko, kisha ukakumbuka nani amekaa mbele, ukanyamaza.

"Hao ni nani wanacheka?" mama akauliza.

"Watu tu, mama."

"Wangapi?"

"Kama mia."

"Naye yuko?"

Nilitamani sakafu ya kanisa inimeze na cheti changu. "Yuko."

"Basi mpe simu."

Akaipokea amesimama. Msaidizi wake, kijana wa tai, akamnong'oneza aahidi paa upesi. Hakumtazama.

"Mama, ni kweli," akasema. "Nilianza kupima upande wa barabarani nikidhani mabati yataenea. Hayakuenea. Nikaona haya kukuambia, nikawa napitia lango la nyuma."

"Nilikuona. Gari lako lina kelele."

"Pole, mama."

"Unataka kura?"

"Nazitaka."

"Paa usiniahidi. Ahadi ninazo nyingi. Kama zingeezekwa ningekuwa kivulini. Njoo Jumatano, siku ya soko, ukae kwenye kiti changu mpaka jioni. Bila mwavuli."

"Nitakuja."

Jumatano hiyo nilikuwa nimepumzika kituoni Neasden kati ya safari mbili, picha na video zikawa zinaingia kwenye simu moja baada ya nyingine. Mheshimiwa yuko juani, anapima nyanya, jasho linamtiririka mpaka kwenye mizani. Mama yuko kivulini na kikombe cha chai, anamsimamia: "Huyo usimpe nyanya laini, anasafiri." Saa saba mpinzani wake akatua na helikopta uwanja wa shule. Watoto wote wakakimbilia helikopta. Wenye kura wakabaki kwenye nyanya. Mama anaapa kwamba siku ile aliuza mpaka kreti zenyewe.

Wadi yetu ilimpa kura zote isipokuwa, nadhani, ya mpinzani. Masoko mengine yakafuata, na kaunti ikafuata masoko. Alipotangazwa nilipiga honi kituo baada ya kituo, na abiria mmoja mzee akaniuliza kama breki zimekatika. Nikamwambia hapana, tumeshinda. Akanipongeza bila kuuliza tumeshinda nini. Siku ya kuapishwa mama alikaa safu ya kwanza, mbele ya wakwe wa gavana.

Miezi ikapita. Jumamosi moja nilikuwa Kenton, dukani kwa mzee mmoja Mhindi aliyezaliwa Nakuru, ninakonunua unga. Mama akapiga. Sikusikia neno, kelele tupu.

"Mama, kuna nini huko?"

"Mvua."

"Uko wapi?"

"Kwenye kiti changu."

Nikasimama katikati ya duka na mfuko wa unga mkononi. "Mama, nakuweka kwenye spika."

"Niweke. Wasikie."

Mzee akaacha kupanga dengu, akainamisha sikio kwenye simu. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Akasikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho.

"Mabati mapya hayo," akasema. "Na yamepigwa misumari sawasawa."

"Mwambie huyo," mama akasema, "yamenipita meza hatua tatu."