Jiko la Umeme la Mama Limevaa Kitambaa

Jamani, leo nimeenda kijijini Tingi kumgombeza mama aache kupikia moshi, nimerudi sijui mwenye makosa nani.

Nafika mchana, uani moshi mzito, unanuka kiberiti. Mama kainjika maharage mafigani, na chini kayawasha mabonge meusi yanayodondoka kwenye malori huko barabarani.

"Shikamoo mama. Hayo si makaa ya mawe? Moshi wake utakuharibu kifua!"

"Marahaba. Yanawaka vizuri."

Naingia ndani. Jiko la umeme nililomnunulia sikukuu ya Idi liko juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Na maua ya plastiki juu yake!

"Hilo la wageni," anasema.

Mie nani sasa?

Nikalichomeka kwa hasira, nikahamishia sufuria. Mama akaniuliza taratibu:

"Umeme huu unatokana na nini?"

"Gesi, mama. Ile ya bomba linalopita kule karibu na shamba lako."

"Kwa hiyo gesi inapita kwangu, inaenda mjini, halafu inarudi kwenye nguzo niinunue?"

Nikachukua mwiko, nikakoroga maharage. (Na mnavyonijua kwa maneno!)

Mara mita ikaanza kulia. Pii, pii. Uniti zikaisha, maharage bado magumu kama kokoto.

Mama akairudisha sufuria kwenye moshi, akalifunika jiko kitambaa chake, akapanga maua.

Hebu niambieni, ningemjibu nini?

Maharage nimekula. Sahani mbili.

Nakohoa mpaka sasa.