Makofi ya Shangazi

Shangazi huja na chupa ya chai ya mpwa wake, mwongoza wageni katika hifadhi ya kinamasi, halafu haondoki ng'o. Hukaa mbele kabisa kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na kila tai akikunja mbawa ashukie vifaranga vya bata, yeye hupiga makofi. Viganja vyake vipana, vya miaka ya kufua mashuka kwa mkono, hulia kama mlango uliobamizwa. Bata hutokomea kwenye matete, tai hurudi juu bila kitu, na wageni humkodolea macho mpwa kana kwamba ndiye aliyepiga. Amebembeleza, amenuna, amechoka.

“Shangazi, utanifukuzisha kazi!”

“Sasa nitazame tu mtoto wa mwenzangu anabebwa?”

Leo makofi yalipokwisha, kilio chembamba kilisikika kutoka juu ya mti mkavu.

“Nani huyo?”

“Kinda wa tai. Ana njaa. Mama yake hajaambulia kitu.”

Shangazi akaangalia mti, akaangalia bata, akafyonya. Kisha akaikalia mikono yake yote miwili, akamgeukia mpwa kwa hasira.

“Na wewe, siku zote hizi mdomo wako ni wa kunywea chai tu?”