Mto Uliofika Chini Kabla ya Juu

Libuseng Mokhachane alianza kujifunza kompyuta akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo alishona suruali za jinzi kwa miaka tisa katika kiwanda kimoja cha Thetsane, nchini Lesotho, kazi yake ikiwa mshono wa ndani wa mguu tu, asubuhi hadi jioni, mpaka vidole vyake vikawa vinashona hewa hata akiwa kanisani. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walivuka mpaka kutafuta vingine. Yeye akajiandikisha darasa la jioni, akakaa na wanafunzi waliomwita mama. Dada yake alimcheka sana, akamwambia atazeeka huku akibonyeza vitufe. Lakini alifaulu mtihani, tena vizuri, na ofisi moja ndogo ya vipimo vya mito mjini Maseru ikamchukua.

Hapo ndipo alipomkuta Ntate Phoofolo, yaani Baba Phoofolo kwa Kisotho, mwanamume mwembamba asiyependa kuongea, ambaye programu zote za ofisi alikuwa ameziandika kwa mkono wake. Alimfundisha Libuseng miaka miwili, kisha akastaafu na kurudi Leribe kwenye ng'ombe wake na mipichi yake.

Jambo la kwanza alilomfundisha ni kwamba kabla ya kujenga kitu chochote kwenye kompyuta, unaiuliza kwanza. Programu za ofisi zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iliyo rahisi lakini inayokwenda polepole, kwa hiyo mzee alikuwa ameitengenezea kiendelezi, kipande chepesi cha kusoma takwimu zinazoingia kutoka mitoni. Kiendelezi hicho lazima kijengwe upya kwenye kila kompyuta, na kompyuta hazifanani. Ndiyo maana kulikuwa na mkaguzi, programu nyingine ya mzee iliyopewa jina hilo. Mkaguzi aliandika kijiprogramu cha mistari mitatu minne, akampa kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine, akaangalia kama kimepita, akakitupa, akaandika kingine. Je, maktaba fulani ya amri ipo? Je, amri fulani inafanya kazi? Maswali arobaini na matatu, na kila swali lilipata neno moja kwenye kioo: ndiyo, au hapana. Libuseng alielewa papo hapo. Kiwandani hakuna aliyepeleka sindano kwenye kitambaa kipya kabla ya kujaribu uzi kwenye kipande cha taka.

Mwezi wa kumi ofisi ilipata kompyuta mpya. Libuseng akaiwasha, akamwendesha mkaguzi, na maneno yakateremka kwenye kioo mbio mbio, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, kama yalivyoteremka siku zote. Kiendelezi kikajengwa bila lalamiko. Akahamishia huko kituo kimoja kwanza, kile cha chini cha mto Phuthiatsana, penye daraja la Ha Ramokoatsi. Kituo cha juu, kule Ha Sekete, akakiacha kwenye kompyuta ya zamani mpaka mwisho wa mwaka, asije akavuruga vyote kwa mpigo. Wiki tatu takwimu zilikuja vizuri. Mto ulikuwa mdogo, umelala, na namba hazikubadilika kutwa.

Kisha mvua za Novemba zikaanza, na mto ukafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Siku hiyo maji mengi yalishuka kutoka milimani. Kituo cha juu kilionyesha mto unapanda saa tisa alasiri. Kituo cha chini kilionyesha maji yale yale yamefika saa nane na nusu. Kutoka juu hadi chini maji huchukua saa moja na nusu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba hayapandi mlima. Lakini kwenye mchoro ndivyo ilivyokuwa: mafuriko yamepita darajani, halafu nusu saa baadaye yakatokea yalikotoka.

Mkuu wa ofisi, mama ambaye wote walimwita 'Mè Puseletso, aliutazama mchoro huo muda mrefu. Akatuma fundi Ha Sekete abadilishe betri. Mvua iliyofuata, mto ukarudia vile vile. Fundi akatumwa tena, safari hii abadilishe kipimo chenyewe. Haikusaidia. Mtu mmoja akasema labda kuna kijito kinachoingia katikati. Wakatazama ramani, hakipo. Libuseng aliangalia saa ya kompyuta mpya, akailinganisha na saa ya ukutani, na simu yake, na redio. Zote zilikubaliana. Usiku hakulala vizuri, na mchana alijikuta akichora mto kwenye karatasi, mshale ukielekea huku, halafu ukielekea kule.

Ndipo walipokumbuka daftari la Ntate Letlatsa.

Ntate Letlatsa alikuwa mzee wa Ha Ramokoatsi aliyeajiriwa miaka kumi na minane kusoma mti wa kupimia uliosimikwa chini ya daraja. Kila siku mara mbili, na kila saa mto unapojaa, alijifunga blanketi lake, akashuka na mabuti ya mpira, akatazama, akaandika. Daftari lake lilisema maji yalifika saa kumi na nusu. Mashine iliyofungwa pale pale, hatua nne kutoka kwenye mti wake, ilisema saa nane na nusu.

Walimwita ofisini. Alikuja amevaa koti la Jumapili, akaketi kwenye ukingo wa kiti. 'Mè Puseletso alimweleza kwa upole mwanzoni. Alisema hakuna ubaya mtu akichoka, umri ni umri, lakini kama mtu hakushuka mtoni wakati maji yalipofika, asiandike kwamba alishuka.

"Nilikuwepo, mama," mzee akasema. "Maji yalinikuta nimesimama pale. Yaliingia kwenye buti."

"Saa ngapi?"

"Saa niliyoandika."

'Mè Puseletso akamgeukia Libuseng. "Saa ya kompyuta iko sawa?"

"Iko sawa, 'Mè. Nimeikagua mara tatu."

"Inaweza kukosea?"

Libuseng alikuwa amechoka, na kwa kweli hakujua. Lakini alikuwa ndiye mtu wa kompyuta, na watu wawili walikuwa wakimtazama. "Mashine haijui kudanganya," akasema.

Mzee akamtazama yeye, si mkuu. Alitoa ufunguo wa kibanda cha vipimo mfukoni, akauweka mezani taratibu, akavaa kofia yake, akatoka. Mabuti aliyaleta siku ya pili, yameoshwa.

Libuseng alidhani sasa atatulia, maana lawama ilikuwa imepata pa kukaa. Badala yake mambo yalizidi kumchanganya. Kama mzee alilala, kwa nini mto uwahi chini kabla ya juu? Uvivu wa mtu haugeuzi mto. Alimwuliza 'Mè Puseletso hivyo, naye akajibu kwamba mambo hayo ni mawili tofauti, moja limekwisha, abaki na lingine. Libuseng akarudi mezani akijaribu kuona namna yanavyoweza kuwa mawili. Hakuona.

Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alimwendesha tena mkaguzi kwenye kompyuta zote mbili, akachapisha majibu, akaweka karatasi sambamba na kushuka na rula mstari kwa mstari. Kwenye swali la ishirini na saba rula ikasimama. Swali lilikuwa: je, ipo amri ya kubadilisha saa za dunia kuwa saa za hapa? Kompyuta ya zamani: ndiyo. Mpya: hapana.

Vipimo vya mtoni hutuma saa za dunia, na Lesotho iko mbele kwa saa mbili. Kiendelezi ndicho kinachoongeza hizo mbili. Akafungua maandishi ya Ntate Phoofolo, akakuta mzee alikwisha kupanga: amri ikikosekana, saa ibaki kama ilivyofika. Kimya kimya. Bila onyo.

Alidhani amemaliza, lakini bado. Kwa sababu alipoitafuta amri ile kwenye kompyuta mpya, alikuta ipo. Maktaba ipo, amri imo ndani yake. Aliandika kijiprogramu chake mwenyewe, akaiita, ikafanya kazi. Akamwendesha mkaguzi: hapana. Akajaribu tena chake: inafanya kazi. Mkaguzi: hapana. Alikaa pale mikono mapajani, akahisi kama mtu anayeambiwa hana pua huku ameishika.

Akampigia simu Leribe. Ntate Phoofolo alimsikiliza hadi mwisho, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Ulisoma faili la chini?" akauliza.

"Lipi?"

"Mkaguzi anakuonyesha neno moja tu kwenye kioo. Lakini anaandika yote pembeni, swali alilouliza na kompaila alivyojibu. Sikukwambia?"

Hakumwambia. Labda alimwambia na yeye akasahau. Wote wawili hawakuwa na hakika. Libuseng alilifungua faili, kurasa na kurasa za manung'uniko ya kompaila, hadi swali la ishirini na saba. Akalisoma mara nne. Kompaila hakusema amri haipo. Alisema swali lenyewe limeandikwa vibaya: limeita amri bila kuitambulisha kwanza, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Kompaila wa zamani alikuwa akiguna tu na kuruhusu. Huyu mpya mkali, anarudisha mlangoni. Na mkaguzi, alipoona kijiprogramu kimegoma, hakuuliza kimegoma kwa nini. Aliandika hapana.

Kusahihisha kulichukua mstari mmoja. Kiendelezi kikajengwa upya, takwimu za Novemba zikapitishwa tena, na mto ukarudi kushuka mlima. Saa kumi na nusu, kama daftari lilivyosema. Kila mahali daftari lilipoandika saa, mashine sasa ilikubali, kwa tofauti ya dakika chache.

'Mè Puseletso aliposikia aliandika barua kwa mkono wake na kumwambia Libuseng aipeleke. Libuseng alimkuta Ntate Letlatsa kibarazani akipukuchua mahindi na mkewe. Mke akaleta motoho, uji mchachu wa mtama, kwenye bakuli, akaondoka. Libuseng alijaribu kueleza. Alieleza vibaya, akaanza upya, akatumia mikono. Mzee alimwacha amalize.

"Ngoja nielewe, mwanangu," akasema. "Mashine iliulizwa swali. Haikulielewa. Na nyinyi mkaandika kwamba imesema hapana."

"Ndiyo, Ntate."

"Mimi niliulizwa swali nikalielewa. Nikajibu. Mkaandika kwamba nimelala."

Libuseng alitaka kueleza kwamba hata yeye hakuwa amejua, lakini neno lenyewe lingekuwa lile lile alilopaswa kulisema ofisini siku ile, sijui, na sasa lilikuwa limechelewa. Akamwomba radhi, akamsomea barua ya mkuu iliyomsihi arudi kazini. Mzee akamwomba arudie pale palipotajwa jina lake, akarudia.

"Nitarudi," Ntate Letlatsa akasema. "Lakini ufunguo nitaupokea kutoka mkononi mwa mkuu wako. Si kwako. Wewe ni mjumbe tu."

'Mè Puseletso alikwenda Jumatano, na viatu vyake vya ofisini vikaharibika kwa tope. Hilo Libuseng alilisikia kwa watu; hakuwepo.

Alikuwa ofisini akisoma faili la chini, maswali yote arobaini na matatu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu mkaguzi aandikwe. Alipata mengine mawili yaliyogomewa kwa kosa lile lile, yasiyo na madhara. Halafu akapata moja lililomchanganya kuliko yote. Katika swali la thelathini na sita, jina la amri lilikuwa limekosewa herufi moja. Amri yenye jina hilo haipo duniani. Kila kompyuta iliyowahi kuulizwa, ya zamani na mpya, ilijibu hapana, na kwa mara hii ilikuwa kweli, ila kwa swali ambalo hakuna aliyekusudia kuliuliza.

Akampigia tena Ntate Phoofolo, akamwuliza swali lile lilihusu nini na jibu lake limegusa namba zipi.

"Niliandika miaka kumi na mmoja iliyopita," mzee akasema. "Lazima nilikuwa na sababu."

"Sababu gani, Ntate?"

"Siikumbuki."

Libuseng akashukuru, akakata simu. Akavuta takwimu za miaka kumi na mmoja, mito yote, akaanza na ya kwanza, ingawa hakujua anatafuta nini.