Vidonge vya Kwetu, Vidonge vya Huku

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimelala chumba kimoja kule Parkdale, hapa Toronto, na wanaume sita, kila mmoja anakoroma kwa lugha yake. Nimepaka rangi ofisi za ghorofa ya kumi na nane nikiwa na homa, na kazi ikasifiwa. Nilitoka Tanga na darasa la nne, darasa la nne nakwambia, na sasa nina kampuni ya rangi yenye magari matatu na nyumba Mount Dennis ambayo ngazi zake nimezijenga kwa mikono hii. Waliosoma nimewaajiri. Kuna mhandisi mzima wa kwao aliyewahi kunishikia ndoo. Kwa hiyo mtu akinijia na habari ya ajabu humwacha amalize, halafu namwuliza: ndiyo hiyo tu?

Mama nilimleta mwaka 2007. Fomu zake nilizijaza mwenyewe, wakili sikumlipa, na alipofika uwanja wa ndege nilimvalisha koti juu ya baibui lake mbele za watu ili waone mtoto wa nani amefanikiwa. Alikuja na ugonjwa wa sukari. Daktari wa mtaani kwetu akampima, akamwandikia vidonge. Lakini mama alikuwa pia na vidonge vyake vya nyumbani. Mdogo wangu wa kike alikuwa akivinunua duka la dawa Tanga na kumpa kila anayesafiri kuja Toronto. Vilikuja ndani ya vibahasha vidogo, juu vimeandikwa kwa kalamu "1 x 2", kimoja mara mbili kwa siku, na mama alivitunza kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, pamoja na tasbihi.

Ukimwambia avitupe ilikuwa kama umemwambia amtupe binti yake.

Mwanzoni alitumia vya huku, vya kwetu akavihifadhi tu. Mambo yaligeuka majira ya baridi ya 2009, Tanga walipopiga simu kwamba dada yake mama, wa mwisho aliyebaki kwenye tumbo lao, yuko hoi. Mama akaanza kufunga mizigo siku hiyo hiyo. Nikampeleka kwa daktari, na binti yangu akawa mkalimani. Daktari akasema sukari iko juu mno, asisafiri kwanza, arudi baada ya mwezi.

"Mwezi?" mama akaniuliza njiani. "Mwulize huyo daktari wako, dada yangu ana mwezi?"

"Itashuka, mama."

"Basi ishushe. Wewe si ndiye bwana wa kila kitu? Ishushe nikamwone dada yangu."

Uamuzi niliutoa mimi, sikumwuliza mtu. Ukuta wenye doa huufuniki kwa mkono mmoja wa rangi. Unapaka wa kwanza, ukikauka unapaka wa pili, na doa linakwisha. Hiyo ni kazi yangu, naijua kuliko mtu yeyote mji huu. Nikasema asubuhi na jioni atakunywa cha huku kama alivyoandikiwa, na juu yake cha kwetu, visaidiane.

Dawa za huku niliziendea Don Mills, kwa sababu nilikuwa na kazi ya ofisi huko. Mfamasia wa pale alikuwa mama wa Kihindi, Mwismailia aliyezaliwa Mwanza, Kiswahili chake kizuri kuliko cha binti yangu.

"Mpe shikamoo yangu bibi," akasema. "Anatumia dawa nyingine yoyote? Labda za kutoka nyumbani? Watu wetu wanaletewa sana. Marehemu mama yangu alikuwa na sanduku zima."

"Hana."

"Hata za kienyeji? Uwatu, mlonge?"

"Mama, nimesema hana. Anatumia hizi zenu tu."

"Zetu?" Akacheka. "Haya, baba. Lakini ukimwona anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanamchanganyika, mpe kitu cha sukari haraka. Juisi, soda, chochote. Halafu piga simu."

"Mgonjwa wa sukari nimpe sukari?"

"Wakati huo, ndiyo."

Sasa nieleze kwa nini nilidanganya. Baba yangu alibeba magunia kwenye duka la Mhindi. Mimi nilikuwa nampelekea chakula na kumsubiri barazani, ndani hapakuwa petu. Yule mama wa Don Mills hakuhusika na hilo, na hakunikosea lolote. Lakini niliona nikimtolea vile vibahasha vya Tanga juu ya kaunta yake ataviangalia kama takataka, na mimi nilikuwa nimefika mbali mno kuangaliwa hivyo. Nikaondoka. Kwenye gari niliwasimulia vijana wangu ile habari ya mgonjwa wa sukari kupewa juisi, tukacheka hadi barabara ya Eglinton.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuo. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Jioni moja aliliona kopo mezani.

"Baba, umemwonyesha mfamasia hizi?"

"Kwani yeye ni askari wa forodha?"

"Karatasi ya dawa imeandikwa waambie dawa zako zote."

"Wewe unasoma chuo kwa rangi niliyopaka bila kusoma karatasi."

Mama akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Mwache baba yako, mjukuu wangu. Tangu mdogo anajua kila kitu. Alimfundisha babu yako kufunga kamba za viatu, na babu yako hakuwa na viatu."

Tulicheka wote watatu. Binti akaliacha.

Na sukari ilishuka, ndiyo balaa lenyewe. Wiki ya pili, bila kusubiri mwezi uishe, tulikwenda kupimwa, daktari akatikisa kichwa kwa furaha, mimi nikatikisa changu. Nikakata tikiti. Ili isipande tena niliondoa nyumbani kila kitamu: juisi, biskuti, hata kopo la sukari nikalifungia kwenye gari la kazi. Mama akawa anakula kidogo kwa hofu ya kukosa safari. Asubuhi nyingine aliamka nguo zimelowa, akasema ni joto la mashine ya Wazungu. Nikaipunguza mashine.

Zilibaki siku sita. Ilikuwa Jumanne, theluji imeanguka, binti yuko chuo. Nilimkuta mama amekaa juu ya mswala, jasho linamtiririka, mikono inamcheza. Aliniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama mbuzi wamefungwa. Nikajua sukari imepanda. Usiniulize nilijuaje, nilijua tu, kama ninavyojua kila kitu. Jana yake alikuwa ameonja andazi la jirani, nikalibebesha andazi lawama. Nikachukua kidonge kimoja cha huku na kimoja cha kwetu, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika, nikavisaga kwa kijiko, nikavikoroga kwenye maji ya vuguvugu, nikamnywesha.

Alimeza. Halafu akanitazama, na safari hii alinitambua.

"Nipe chai, baba. Chai ya sukari."

"Mama, unataka kumwona dada yako au hutaki?"

"Nataka."

"Basi vumilia."

Nikatoka kuondoa theluji mlangoni. Nilirudi baada ya nusu saa hivi. Alikuwa ameanguka ubavu, macho wazi, tasbihi iko mkononi.

Watu wa gari la wagonjwa walimtoboa kidole. Moja nukta nne, imeshuka mno, mmoja akasema, akamwangalia mwenzake. Wakamtundikia maji ya sukari pale pale sebuleni. Sukari ilipanda. Yeye hakuamka.

Hospitalini daktari mmoja, mdogo kama binti yangu, aliweka vidonge viwili kwenye kiganja, kimoja kutoka chupa ya huku na kimoja kutoka kopo letu. Akasema hii ni dawa moja. Huko mnaiita glibenklamidi, huku ni glaiburaidi, majina mawili, dawa ile ile. Alikuwa anameza dozi mbili kila siku na hali chakula. Ubongo ulikaa bila sukari muda mrefu. Nikauliza nini kingemwamsha asubuhi ile. Akasema nusu glasi ya juisi.

Binti yangu akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa. Alitafsiri kwa Kiswahili, polepole, yote hadi mwisho. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu hivyo. Hakunilaumu, mpaka leo hajanilaumu. Alihamia kwa rafiki yake mwezi uliofuata, na akipiga simu huongea Kiingereza.

Mama tulimzika huku huku, ardhi ngumu mpaka walitumia mashine kuichimba. Dada yake aliyekuwa hoi aliishi miaka minne zaidi. Kila nilipopiga aliniuliza kama mama alimtaja, nami nikamjibu, "Alikutaja." Na wiki moja baada ya mazishi mwanamke mmoja aliyetoka likizo alinigongea mlango akiwa na mzigo kutoka kwa mdogo wangu, ambao aliuchukua kabla ya msiba. Vibahasha vinne. Vipo mpaka sasa, sijui vitupwe wapi. Mdogo wangu sijamwambia. Anajua ni sukari tu iliyomwua mama yake, na watu hufa kwa sukari.

Kabla ya kufa alilala hospitalini siku kumi na moja, anapumua kwa mashine. Hospitali hawakunidai hata senti, huku matibabu ni ya serikali, na mimi ambaye bei ya kila kitu nyumbani kwangu naitaja kabla mgeni hajakaa, sikuwa na bei ya kutaja. Siku ya kumi na moja walisema wataondoa mashine alasiri. Nikatoka kwenda kwenye korido. Palikuwa na mashine ya vinywaji. Nikatumbukiza sarafu ya dola mbili, ikadondosha chupa ya juisi ya machungwa. Niliirudisha chumbani, nikaifungua, nikaiweka kwenye kimeza karibu na kichwa chake, upande wa mkono wake wa kulia. Muuguzi aliiona, akaiacha pale. Chenji ilikuwa bado mkononi, senti ishirini na tano. Dola moja na senti sabini na tano.